Kupeleka watoto wadogo porini kwa mtumbwi: mwongozo kamili kuanzia nyumbani mpaka kurudi

Nianze na kitu kimoja ambacho ukikishika mengine yote yatakaa sawa: safari ya mtumbwi na watoto inapimwa kwa mwili wa mtoto mdogo kuliko wote, sio kwa nguvu za mikono yako. Yeye ndo anaamua umbali, anaamua saa ya kusimama, na siku nyingine anaamua kwamba leo hatuendi popote, tunabaki hapahapa kambini tunarusha mawe majini. Wazazi wengi tunakosea hapo. Tunachukua ramani, tunachora mstari mrefu mzuri, alafu tunawapakia watoto kama mizigo.

Mi nilikosea hivyohivyo safari ya kwanza. Nilipanga kilomita 14 kwa siku. Tukafika kama kilomita ya tano hivi upepo ukaanza, maji yanaruka kidogokidogo ndani, na mwanangu wa miaka mitatu alikuwa na soksi mbichi tangu asubuhi na analialia tu, alafu akanyamaza. Nikashukuru kimoyomoyo, nikajua amezoea. Mama yake aliyekuwa mbele akageuka kumpa kitafunwa akakuta mtoto hataki hata kunyoosha mkono, na nilipoingiza vidole shingoni ndani ya jaketi nikakuta ngozi ya baridi kama jiwe la mtoni. Midomo imebadilika rangi. Tukakata kona moja kwa moja ufukweni, tukamvua kila kitu, nikamuweka kifuani kwangu ngozi kwa ngozi ndani ya blanketi, na ilichukua karibu saa nzima mpaka aanze kuniuliza maswali tena. Tangu siku hiyo nina sheria: kila nusu saa mkono unaingia nyuma ya shingo ya kila mtoto. Na mtoto aliyenyamaza ghafla namchunguza haraka kuliko anayelia.

Haya, tuingie kwenye hatua zenyewe.

HATUA YA 1: Jiulize kama mtoto yuko tayari, na kama wewe uko tayari

Hakuna umri mmoja wa kuanzia unaofaa kila mtoto, kuna uzito na kuna tabia. Mtoto mchanga ambaye hajafikia uzito wa kuvaa jaketi la kuokoa maisha linalomkaa sawasawa asipande kabisa, hata kama maji yametulia kama kwenye beseni, hata kama umembeba kifuani. Na kumfunga kwa mbeleko au kwenye kibebeo ukiwa kwenye mtumbwi usithubutu, mkipinduka mnazama wote wawili mmefungwa pamoja.

Wa miaka miwili mpaka minne ndo kazi ngumu kuliko wote kwa sababu ana nguvu za kusimama ghafla lakini hana akili ya kujua kwa nini asisimame. Kuanzia miaka mitano au sita mambo yanakuwa mepesi, anaelewa maelekezo, anaweza kushika kasia lake mwenyewe.

Upande wako sasa. Uwe unajua kuuendesha mtumbwi ukiwa peke yako nyuma, uwe unaweza kuugeuza kwenye upepo, na uwe umeshapinduka na kujiokoa zaidi ya mara moja kwa makusudi. Hesabu nzuri ni mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja kama watoto ni wadogo sana. Mtu mzima mmoja na watoto watatu chini ya miaka sita kwenye mtumbwi mmoja porini, hapana, tafuta mwenzako.

HATUA YA 2: Jaketi (hapa usikimbie)

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti 2024 ikionyesha kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka 5. Kwa hiyo ukiniona narudiarudia habari ya jaketi usichoke.

Jaketi la mtoto linachaguliwa kwa kilo, sio kwa umri na sio kwa "atakua, tumnunulie kubwa". Kwa mpangilio wa Marekani, chini ya kilo 14 ni saizi ya wachanga, kilo 14 mpaka 23 ni ya mtoto, 23 mpaka 41 ni ya mtoto mkubwa. Ulaya wanaangalia zaidi nguvu ya kuelea inayopimwa kwa nyutoni, na hapo ujue kwamba la nyutoni 50 ni la mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu, asiyejua kuogelea anahitaji la 100 au zaidi. Soma lebo iliyoshonwa ndani, ndo yenye ukweli, muuzaji anaweza kukwambia chochote.

Kwa mtoto mdogo tafuta vitu vitatu. Kwanza mkanda unaopita katikati ya miguu, bila huo jaketi linapanda juu akiingia majini na yeye anachomoka kwa chini. Pili kola kubwa nyuma ya kichwa inayosaidia uso uangalie juu. Tatu kishikio imara juu ya mgongo, hicho ndo utakachokamata ukiwa na haraka. Yale ya kujaza upepo hayafai watoto, chukua la povu.

Alafu lipime. Mvalishe, funga kila kifungo na kila mkanda, shika mabegani pale kwenye jaketi umnyanyue juu kidogo. Jaketi likipanda mpaka likafika kidevuni au masikioni ni kubwa au halijakazwa. Baada ya hapo mpeleke kwenye maji ya kina kifupi ukiwa umemshika, muache taratibu aelee, aone mwenyewe kwamba linambeba. Hili la mwisho watu wanaliruka sana, na mtoto ambaye hajawahi kuelea na jaketi anapaparika vibaya siku anapodondoka kweli.

Wewe pia vaa. Sio uliweke kwenye kiti. Mzazi aliyezama hawezi kumuokoa mtoto, na watoto wanavaa kile wanachokiona umevaa.

HATUA YA 3: Chagua maji

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, kwa hiyo yafike kwanza wewe bila watoto. Unatafuta ziwa dogo au hori lililojificha na upepo, lenye fukwe nyingi za kushukia, au mto wa polepole ambao unaweza kupiga kasia kurudi ulikotoka. Ufukwe mmoja kila kilomita mbili tatu hivi ni mali kubwa. Mwambao wa mawe marefu yaliyosimama wima kilomita tano mfululizo sio wa watoto hata uwe mzuri kiasi gani kwenye picha.

Mito yenye maporomoko waachie wakubwa. Kitu kinachoua kwenye mto sio mawimbi meupe peke yake, ni mti ulioanguka majini: maji yanapita katikati ya matawi ila mtu hapiti, anabanwa hapo na mkondo unaendelea kumsukuma. Na vile vizuizi vifupi vya maji ambavyo maji yanamwagika juu yake usawa mmoja, ukiviangalia kwa mbali unaona kama ngazi tu, chini yake maji yanazunguka na kukurudisha ndani tena na tena. Zunguka nchi kavu, mapema, usisubiri usogee karibu.

Kama maji yana mamba au viboko jibu ni hapana, wala usinishawishi na habari za "wenyeji wanapita kila siku". Wenyeji wanapita kwa sababu wana shida ya kupita. Na sehemu zenye kichocho, vile vipembe vya maji yaliyosimama yenye majani na konokono ndo vibaya zaidi, kwa hiyo mtoto asichezee hapo, na kama ameshachezea mpeleke akapimwe wiki 6 mpaka 8 baadae hata kama anaonekana mzima.

HATUA YA 4: Mtumbwi na makasia

Kwa familia unataka mtumbwi mpana na mrefu, mita 5 mpaka 5.5, upana karibu sentimita 90, tumbo la chini liwe bapa kidogo ili usiyumbe ovyo. Ile mitumbwi myembamba ya mbio iache. Ukishapakia kila mtu na kila begi, ukingo ubaki juu ya maji angalau sentimita 15, ukiona umeshuka zaidi ya hapo punguza mzigo, usijipe moyo.

Kasia la mtoto liwe dogo kweli, akisimama na kulisimamisha kando yake lifike kidevuni au puani. Kasia la mtu mzima lililokatwa huwa zito na bapa lake ni pana mno, anachoka baada ya dakika tano anachukia kazi nzima. Usitegemee aongeze mwendo hata kidogo, kazi ya kasia lake ni kumfanya aone na yeye ni nahodha. Kwenye mtumbwi uwe na kasia la akiba, kidumu kilichokatwa cha kuchotea maji kikiwa kimefungwa kwa kamba fupi, sponji, na kamba moja ndefu inayoelea.

HATUA YA 5: Mazoezi karibu na nyumbani

Wiki mbili tatu kabla, fanyeni safari za saa moja. Kwanza mtumbwi ukiwa nchi kavu kwenye nyasi: watoto wajifunze kupanda wakiwa wameinama, mikono yote miwili imeshika kingo, na wakae chini katikati, matako kwenye sakafu juu ya kipande cha povu. Mchezo wetu unaitwa "sanamu", nikisema sanamu kila mtu anaganda alipo. Tunaucheza mpaka wanachoka. Siku wimbi linapokuja au siku mdogo anapoona ndege anataka kusimama, neno hilohilo moja linatosha, hakuna kupiga kelele.

Alafu pindueni. Ndio, kwa makusudi, maji ya uvuguvugu, kina cha kiuno chako, mtu mzima mwingine amesimama pembeni. Waambie kabla, hesabuni pamoja moja mbili tatu, pinduka. Wanachojifunza ni vitu vichache: jaketi linanirudisha juu, nashika mtumbwi, naita jina langu. Kila mtu anaita jina lake ili wewe uhesabu bila kutafuta kwa macho. Binti yangu mara ya kwanza alitoka na macho makubwa, pua inatiririka, nikajua basi imeisha, ameogopa. Akakohoa, akasema "tena". Tulipindua mara sita siku ile.

Kama amekataa kabisa usimlazimishe, jaribu wiki nyingine. Ila safari ya porini nayo isubiri.

HATUA YA 6: Panga umbali

Watu wazima wawili kwenye maji tulivu wanaenda kilomita 4 mpaka 5 kwa saa. Na watoto panga 2 mpaka 3 ukijumlisha kusimama, na jumla ya siku iwe kilomita 5 mpaka 8, isizidi saa tatu za kukaa mtumbwini na zikatwekatwe. Kila dakika 45 shuka ufukweni, wakimbie, wakojoe, wale. Safari ya kwanza lala usiku mmoja tu, kambi iwe karibu na gari kiasi kwamba mambo yakiharibika usiku wa manane asubuhi mko nyumbani.

Ondoka asubuhi na mapema. Sehemu nyingi upepo unaamka kadiri jua linavyopanda, mchana ziwa linakuwa sio lile la asubuhi. Kwa hiyo saa tano saa sita hivi uwe umeshafika, hema limesimama, mchana wote ni wa kucheza.

Njia za kubeba mtumbwi nchi kavu kutoka ziwa moja kwenda jingine na watoto zinachosha kuliko unavyodhani, maana utapita mara tatu: mzigo, mtumbwi, na mtoto aliyegoma katikati ya njia. Na kamwe asibaki mtoto peke yake upande wowote wa maji wakati nyie mnabeba. Kama mna njia ya namna hiyo, iwe moja, iwe fupi.

Kabla hamjaondoka mtu aliyebaki nyumbani awe na karatasi: mnaanzia wapi, mnalala wapi, mnarudi saa ngapi, na saa ngapi aanze kupiga simu kutafuta msaada. Simu porini mara nyingi hazishiki mtandao, kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti ni kitu cha kukodi au kuazima kama huwezi kununua.

HATUA YA 7: Mizigo

Nguo za watoto usiweke pamba. Pamba ikilowa inashika maji na kuvuta joto la mwili, chukua sufu au zile za nailoni na poliesta zinazokauka haraka. Kila mtoto awe na seti mbili kamili za kubadilisha, na seti ya tatu ya kulalia ambayo haiguswi mchana kwa sababu yoyote ile, hiyo ikilowa umeumia. Zote kwenye mifuko isiyoingiza maji, na ndani ya hiyo weka tena mfuko wa plastiki.

Begi moja dogo linakaa miguuni kwako sio chini ya mizigo: nguo kavu za kila mtoto, blanketi, vitafunwa, maji, losheni ya kuzuia jua, dawa, tochi, kiberiti kwenye kichupa kilichofungwa. Hilo ndo begi unaloshuka nalo hata kama vingine vyote vimebaki. Filimbi kila mtu, imefungwa kwenye jaketi lake, na watoto wajue kwamba kupuliza mara tatu maana yake nahitaji msaada, sio toi.

Nepi zilizotumika mnarudi nazo zote, kwa hiyo chukua mfuko mzito wa kufunga vizuri. Kwa mtoto anayejifunza chooni poti dogo la plastiki linaokoa siku, tena linatumika hata mtumbwini mkiwa mbali na ufukwe. Chakula ongeza theluthi moja juu ya unachodhani kitatosha.

Midoli michache tu. Ndoo ndogo, kioo cha kukuzia vitu, na kimtumbwi cha kuchezea kwenye uzi mfupi kinachoburutwa pembeni, hicho kimewahi kutupatia saa mbili za amani. Uzi mfupi lakini, na usifungwe kwenye mkono wa mtoto.

HATUA YA 8: Kupakia na kupanda

Vizito chini kabisa na katikati, mtumbwi ukiwa unaelea tayari, sio umekalia mchanga nusu. Mizigo ifungwe mtumbwini. Watoto wasifungwe na chochote, kamwe, hata kwa kamba nyembamba "ili asidondoke". Kamba zilizolegea sakafuni zikunjwe zote ziwekwe pembeni, mguu wa mtoto unaingia kwenye kitanzi bila mtu kuona.

Wa nyuma anapanda kwanza, anakaa, anatuliza. Wa mbele amesimama majini ameshika mtumbwi, anapitisha watoto mmoja mmoja, alafu anapanda wa mwisho. Mdogo zaidi anakaa karibu na mguu wa mtu mzima, aweze kufikiwa kwa mkono mmoja. Kushuka ni kinyume chake. Kabla ya kusukuma angalia kuanzia omo mpaka tezi: mtumbwi umekaa sawa? Mbele ikizidi uzito hautageuka, nyuma ikizidi upepo utaupeperusha kichwa.

HATUA YA 9: Mkiwa majini

Tembea na ufukwe. Kipimo changu ni hiki: umbali ambao naweza kuogelea nikimvuta mtoto mmoja kwenye maji ya baridi ile ile ya siku ile, na kwa watu wengi ukijipima kwa ukweli hauzidi mita 50. Kukatisha ziwa katikati ili kufupisha njia ndo tamaa inayopindua familia. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi vinaanza kutokeza huko mbele, hapo hapo elekea nchi kavu, usisubiri vikufikie. Na upepo unaotoka nchi kavu kwenda majini ni mjanja, ufukweni maji yanaonekana laini kabisa lakini kila mita unayosogea unakusukuma mbali zaidi. Kama mawimbi yamekukuta, pigeni magoti watu wazima, uzito unashuka chini na mtumbwi unatulia.

Baridi. Maji yananyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa, na mtoto ana mwili mdogo wenye ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake kwa hiyo anapoa haraka kuliko wewe. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Kanada aliyetumia miaka mingi pale Chuo Kikuu cha Manitoba kuchunguza mwili kwenye baridi, anafundisha hesabu ya 1-10-1 kwa maji ya baridi sana: dakika 1 ya kutuliza pumzi iliyoshtuka, dakika 10 za mikono kuwa bado inafanya kazi, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu. Hiyo ni ya watu wazima, kwa mtoto ihesabu fupi zaidi. Ndo maana mnavaa kwa ajili ya baridi ya maji, sio kwa ajili ya jua la juu.

Jua nalo linapiga mara mbili, juu na likirudi kutoka majini, wanaungua chini ya kidevu na nyuma ya masikio. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, losheni ya SPF 30 kwenda juu kila saa mbili. Walio chini ya miezi sita wakae kivulini tu. Dawa za mbu zenye DEET zisipakwe mtoto wa chini ya miezi miwili, na kwa wengine usipake viganjani maana vidole vinaingia mdomoni.

Radi: ukiona umeme anza kuhesabu. Sauti inachukua kama sekunde tatu kwa kilomita, ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30 mvua ile ya radi iko ndani ya kilomita 10, tokeni majini, kaeni mbali na mti mrefu uliosimama peke yake, na subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mtoto akisinzia mlaze sakafuni pale katikati, jaketi likiwa limefungwa vilevile, kichwa kisiwe chini ya kiti wala chini ya ubao wa kukatiza, ili mkipinduka asinase. Tengeneza kivuli kwa kitambaa chepesi. Alafu endeleeni polepole, hiyo ndo nusu saa mtakayopata mwendo.

HATUA YA 10: Kambini

Hatari kubwa inahamia hapa, kwa sababu mnashusha pumzi. Kila mtu anafunga hema, anatafuta kuni, kila mmoja anadhani mwenzake anamuangalia mtoto. Sisi tunatumia kitambaa chekundu: aliyekivaa shingoni ndo anaangalia watoto, hafanyi kingine chochote, na akitaka kuacha anamvalisha mwenzake mkono kwa mkono na kusema jina la mtoto. Mtoto anayezama hapigi kelele, hapungi mkono, mdomo uko usawa wa maji na anahangaika kupata pumzi tu, dakika moja inaweza kutosha kumpoteza na wewe uko mita kumi. Jaketi linabaki mwilini muda wote wakiwa karibu na maji, hata wakichota mchanga.

Hema liwe mbali na ukingo wa maji, mlango usiangalie maji. Waonyeshe mipaka kwa kutembea nayo: mpaka kwenye mti huu, mpaka kwenye jiwe lile. Akipotea akumbatie mti mmoja abaki hapo apulize filimbi, mfundishe hilo kabla giza halijaingia.

Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote dakika 1, na mkiwa juu ya mita 2,000 dakika 3. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika achana nayo kabisa, kuchemsha hakuondoi sumu yake, wala wasiogelee. Choo chimba shimo la sentimita 15 mpaka 20, mita 60 kutoka majini.

HATUA YA 11: Mkipinduka kweli

Ita majina. Kamata mdogo kwanza, kwenye kile kishikio. Wote mshike mtumbwi hata kama umejaa maji, unaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu na unaelea. Mizigo iache iende. Kama ufukwe uko karibu sukumeni mtumbwi na miguu kuelekea huko, kama uko mbali kumbatianeni, watoto katikati yenu, vifua vimegusana, filimbi.

Kwenye mto laleni chali, miguu mbele, vidole juu ya maji, na usijaribu kusimama kwenye mkondo, mguu ukinasa kwenye mawe maji yanakulaza.

Mkifika nchi kavu nguo mbichi zote zitoke, kavu ziingie, ngozi kwa ngozi, kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari kama mtoto yuko macho na anameza vizuri. Usimsugue mikono na miguu. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na anaongea ovyo hiyo ni dharura, ita msaada, mlaze, msogeze kwa upole.

Kama hapumui anza na pumzi, kwa sababu aliyezama kilichomkosa ni hewa: pumzi 2 mpaka 5 za mwanzo kutegemea ulivyofundishwa, alafu mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kasi 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache. Huu mstari hautoshi kukufundisha, nenda kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ya watoto kabla ya safari, mwenza wako naye aende. Na mtoto yeyote aliyezama hata akaamka anacheka, apelekwe hospitali.

HATUA YA 12: Kurudi

Siku ya mwisho iwe fupi kuliko zote, kwa sababu mmechoka na mwili unataka kukimbilia gari. Mkifika kagueni kupe nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja. Majaketi suuza kwa maji safi, anika kivulini maana jua kali linachosha kitambaa na povu, na usiyaweke mizigo juu yake wakati wa kuhifadhi.

Kabla hamjapanga safari inayofuata mpandishe mtoto kwenye mzani. Yule wangu wa miaka mitatu alivuka kilo 14 kati ya safari ya kwanza na ya pili, jaketi lilelile, mtoto yuleyule, lakini siku nilipolikaza nikakuta mkanda wa katikati ya miguu haufiki tena kwenye kifungo.